Mgeni Hajala

Aliye na chakula mkononi na akiweke chini kwanza, tusije tukalaumiana baadaye. Habari ya Mutindi wa Kasikeu haisikilizwi mtu akitafuna.

Ilianza na keki ya udongo. Mchana wa sikukuu ya mavuno, mwaka wa sabini na saba, Mutindi alikuwa nyuma ya pazia katika ukumbi wa kanisa, akirudisha vyakula vya mchezo sandukuni. Upande wa pili watu walikuwa bado wanacheka na kuburuta viti. Vyakula vyenyewe vilikuwa vya bandia: kuku wa gunia lililoshonwa, maini ya kitambaa, na keki aliyoifinyanga yeye mwenyewe kwa udongo wa mtoni, akaipaka chokaa ionekane ina sukari. Alipoinyanyua akaona imeng'atwa. Haikuwa imevunjika, ilikuwa imeng'atwa, alama za meno mapana zinaonekana moja moja, na pale penye pengo udongo ulikuwa umelowa mate. Akagusa kwa ncha ya kidole. Mate yalikuwa na uvuguvugu, yakavutika kama bamia.

"Yiii!" Akapangusa kidole kwenye pazia, kisha akajuta kulichafua pazia.

Mutindi alikuwa mtu wa kinyaa, tena kinyaa cha kusifika. Alifundisha upishi katika shule ya wasichana, na wanafunzi wake walisema anaweza kunusa kucha chafu akiwa ofisini. Maji ya kunywa aliyachemsha, akayachuja, akayachemsha tena. Harusini alibeba kijiko chake ndani ya mkoba. Watu walimtania kwamba akifika mbinguni atauliza kwanza malaika wananawia wapi. Sasa mtu wa namna hiyo, mate ya mtu mwingine kidoleni! Akanawa kwa sabuni, akanawa kwa majivu, akarudi amekunja uso.

"Ndolo, ni wewe uliyeng'ata keki yangu?"

Ndolo alikuwa mwenye bucha pale sokoni, na sauti ya besi katika kwaya. Katika mchezo yeye ndiye aliyeigiza bwana bahili. "Ai, Mwalimu," akasema, "mimi mtu ninayelala karibu na maini, nile udongo? Kwani nina mimba?"

Aliyebaki alikuwa Muthama, mume wa Mutindi, mwalimu mwembamba na mpole aliyeigiza Mgeni. Alikuwa akivua koti kubwa na kufungua mto aliofungiwa tumboni ili aonekane mnene.

"Baba Ndila, si wewe?"

Muthama akatikisa kichwa huku akitabasamu. Alitabasamu midomo ikiwa imefungwa kabisa. Na alipouweka mto chini, Mutindi akaona tumbo la mumewe limebaki limetuna kidogo chini ya shati, naye asubuhi alikuwa hana tumbo lolote.

Huo mchezo ulikuwa umetoka mbali, na safari yake ni lazima isimuliwe, maana uchafu wote ulitokea humo. Ulikuwa opereta, yaani kichekesho cha kuimba, cha tendo moja tu, kinaanza na kwisha kabla kiti hakijapata joto. Kiliingia Kitui na Madamu Odile, Mfaransa aliyefundisha muziki shule ya wasichana miaka ya mwanzo ya Uhuru, na Mutindi alikuwa mwanafunzi wake kipenzi. Kisa ni hiki. Bwana bahili amemwalika tajiri mnene kwa chakula, lakini roho haimruhusu kumlisha. Mke anaimba wimbo mtamu wa karibu, wa kumkaribisha mgeni, anataja kuku, maini, maziwa mazito, keki. Kila sahani ikifika mezani, bwana anatafuta sababu ya kuirudisha jikoni. Mgeni anafungua kinywa, anakifunga, anakifungua tena, na pazia linaanguka kinywa kikiwa wazi.

Kwao Paris, alisema Madamu, kichekesho hicho kilipendwa sana zamani za bibi ya bibi yake. Kilichezwa mwanzo wa jioni, kuwachangamsha watu kabla ya mchezo mkubwa. Mwigizaji wa kwanza wa Mgeni alikuwa mpenda kula, akawa analalamika kwamba wimbo ule unamtia njaa isiyo ya kawaida. Jioni moja njaa ikamzidi, akanyakua tunda la nta mezani, akalimeza zima, likamkwama kooni. Alikata roho jukwaani huku watu wakimpigia makofi, wakidhani ni vituko vipya. Madamu alisimulia hayo akijifuta machozi ya kicheko. "Mpaka leo hakuna aliyemlisha," alisema, "na mpaka leo bado anachekesha!"

Pale Kitui kichekesho kilichezwa kwa piano mbele ya wake za maofisa, wakacheka kwa adabu. Baadaye Madamu na Mutindi wakakitia maneno ya Kiswahili, wakakipeleka Mbumbuni siku ya soko, wakacheza juu ya lori. Huko hakucheka mtu. Mgeni anyimwe chakula, halafu watu wacheke? Akina mama walianza kunong'ona, mzee mmoja akamtusi bwana bahili kwa Kikamba kisafi, kisha mama mmoja akapanda lori na kibuyu chake cha uji, akamnywesha Mgeni mbele ya umati. Madamu akakasirika sana, akasema washamba wameua mchezo. Mwaka uliofuata akarudi kwao, akamwachia Mutindi sanduku la mavazi.

Mutindi alipokifufua Kasikeu, alitumia akili ya shule. Alifunga kamba mbele ya jukwaa asije mtu akapanda na uji. Piano ya kanisa ilikuwa imeliwa na mchwa, basi akaazima mwase, zile ngoma ndefu, kutoka shule ya msingi iliyozitumia katika mashindano ya muziki, na mdundo akaupata kwa watoto hao hao. Ulikuwa mdundo wa kilumi, ngoma ya kuitia roho. Lakini Mutindi alizaliwa katika nyumba ya wokovu. Kilumi alikisikia kikilaaniwa kwenye mahubiri tu, hakuwahi kukiona, na kwake huo ulikuwa mdundo mtamu wa kuchezeka. Hakujua kwamba watoto walifundishwa kipande cha kuita na hawakufundishwa cha kufungia. Basi aliuimba ule wimbo wa karibu juu ya kilumi, akamwita Mgeni kwa jina lake, akampa kiti, na watu waliosoma wa Kasikeu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Siku za kwanza baada ya sikukuu ilikuwa harufu. Mutindi aliisikia kwenye mashuka, harufu ya samli iliyochacha, nzito, inayokaa kooni hata ukiziba pua. Akafua mashuka. Akafua godoro, jambo ambalo halifanywi. Harufu ikatoka kwenye godoro, ikabaki kwa mumewe.

Muthama hakula tena mezani. Alikaa mbele ya muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe aliyoyapenda tangu utotoni, akafungua kinywa, akakifunga, akaisukuma sahani. "Mama Ndila, sisikii njaa," alisema, kisha akabeua, na mbeuo wake ulikuwa na harufu ya shimo la taka. Na tumbo lilikuwa likikua.

Mutindi aliweka makombo ya jikoni katika ndoo karibu na mlango, ya kumpa mbwa. Jioni moja akakuta ndoo imelambwa ikang'aa, na mbwa yuko mbali kwenye ua wa mnyaa, mkia tumboni, analia kwa sauti ndogo. Kesho yake mkebe wa mafuta ya kupikia ulikuwa mtupu, na ndani yake mna mikwaruzo ya vidole. Kesho kutwa alimkuta Muthama amechuchumaa nyuma ya jikoni, amempa mgongo, mabega yanacheza. Alikuwa anakula kitambaa cha kufutia masufuria. Alikuwa amekikunja vizuri, anakinyonya maji meusi kwanza, halafu anatafuna upindo.

"Baba Ndila," Mutindi akanong'ona.

Muthama akageuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nisaidie, Mama Ndila," akasema kwa sauti yake mwenyewe, ya upole. "Sitaki. Naapa sitaki." Na wakati macho yakiomba msaada, mdomo ukaendelea kutafuna.

Mutindi alikwenda kutapika kwenye migomba. Akatapika mpaka akatoa maji ya nyongo, akijichukia kwa sababu alipaswa kumshika mume mkono na hakuweza, mkono wake ulikataa katakata kuugusa ule mkono unaong'aa mafuta meusi. Alimpenda mtu huyo. Alikuwa amemkatalia mwenye duka wa Kambu mwenye pikipiki ili aolewe naye. Na sasa kila akimtazama, aligeuza uso.

Kilichomtoa kabisa usingizini ni binti yao. Ndila alikuwa wa umri wa kuanza shule, amelala kwenye mkeka adhuhuri ya joto, na Mutindi aliporudi na mtungi akamkuta baba yake amemwinamia. Alidhani anambusu. Akasogea. Muthama alikuwa akimlamba shavu taratibu, kutoka kidevuni mpaka penye jicho, kwa ulimi mpana mweupe wenye utando, na baada ya kila mlambo alitulia kidogo na kumeza, kama mpishi anayeonja chumvi. Mtoto alikuwa macho, amekakamaa, hathubutu hata kulia.

Alasiri hiyo hiyo Ndila alipelekwa Mbumbuni kwa bibi yake. Muthama mwenyewe ndiye aliyemfungia mtoto nguo, akisimama mbali, akizishika kwa vidole viwili. "Asirudi mpaka nipone," alimwambia mkewe. "Na nisipopona, mnifungie mlango kwa nje."

Ndolo alikuja na habari nyingine. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia mkononi, bila utani wowote.

"Mwalimu, sijui nitasemaje. Pale tunapochinjia kuna shimo. Tunamwaga samadi ya matumboni, na damu, na vile vitu vingine. Leo asubuhi nimemkuta Mwalimu Muthama humo ndani. Amesimama, imemfika magotini, nzi wamemfunika uso wote. Nikamwita, akanipungia mkono kwa adabu kabisa. Mwalimu, alikuwa anachota kwa mikono yote miwili. Mimi ni mtu wa bucha miaka na miaka. Nimefunga bucha leo, siwezi kuona nyama."

"Usimwambie mtu."

"Nimwambie nani? Lakini siku ile ya mchezo yule mama anayeuza tumbaku sokoni, Ndululu, alikuja mlangoni pa ukumbi akitweta. Akauliza, 'Mnamwita nani humo ndani, na mmempikia nini?' Vijana wa kwaya wakamfukuza, wakamwita mchawi. Mimi nilicheka." Ndolo akaigeuza kofia mkononi. "Nilicheka sana."

Mutindi alikuwa bado Mkristo, na Mkristo huanza na kanisa. Akamwita Mzee Ndeti, mzee wa kanisa, mtu mfupi wa sauti kubwa aliyeshika funguo za ukumbi. Ndeti akaja na ndugu na dada, wakajaza sebule, wakaimba, wakamwekea Muthama mikono. Nyumba ilikuwa moto, madirisha wazi, na ile harufu ya samli ikawa inapanda kila wanapoimba, ikapanda mpaka dada mmoja akaziba pua kwa leso akijifanya analia, ikapanda mpaka nyimbo zikaanza kukatika katikati kwa sababu kila anayevuta pumzi aimbe anaionja ulimini, na Muthama katikati yao amekaa wima, tumbo limemvimba mpaka vifungo vya shati vimekatika, ngozi ya kitovu imetanuka inang'aa, na chini ya ngozi hiyo kitu kinageukageuka polepole kama mtu anayetafuta upande mzuri wa kulalia.

"Toka!" Mzee Ndeti akaamuru. "Toka kwa jina la Bwana!"

Muthama akatapika. Zikatoka nyasi za tumbo la ng'ombe, yakatoka manyoya ya kuku, nywele zilizofungana, kipande cha kitambaa cha sufuria na upindo wake, na mwisho kabisa udongo mwekundu uliopakwa chokaa. Yote yakaanguka miguuni pa ndugu wa kanisa, wakaruka huku na huku. "Haleluya!" wawili wakapaza sauti. Lakini Muthama akashuka kwenye kiti, akapiga magoti kwa heshima, akavuta leso kutoka mfuko wa mzee aliyekuwa karibu, akaifunga shingoni kama wafanyavyo Wazungu mezani, na akaanza kurudisha kila kitu kinywani.

Sebule ilibaki karibu tupu. Waliotoka kwa mlango na waliotoka kwa dirisha walikuwa sawa kwa idadi.

Alipomaliza, Muthama alimtazama mkewe, akasema kwa sauti nene iliyotokea chini sana, kwa Kifaransa, lugha asiyoijua hata salamu yake. Mutindi aliijua kidogo, alifundishwa na Madamu. Sauti ilisema: "Bibi mwenye nyumba, umeimba vizuri. Nimekaa mezani muda mrefu. Chakula kiko wapi?"

Mzee Ndeti peke yake alikuwa amebaki, amegandamana na ukuta. "Alisema nini?" akauliza kwa mnong'ono.

"Anataka kula, Mzee."

"Na hayo aliyokula ni nini?"

"Hayo amejitafutia. Anataka nimlishe mimi."

Ndululu alikuwa mwanamke mkongwe, mkavu, mdomo umejaa tumbaku, na hakuwa na haraka. Aliketi nje ya nyumba ya Mutindi, akavuta hewa puani, akatema mate pembeni.

"Wakya, mwaitu," Mutindi akamwamkia kwa Kikamba kama binti anavyomwamkia mama.

"Aa. Leo mimi ni mama. Siku ile nilikuwa mchawi."

"Tusamehe, mwaitu." Mutindi akamsimulia yote, tangu kichekesho cha Paris.

"Samaha hailishi mtu. Huyo wenu si jini wa kununuliwa Mombasa. Huyo ni maiti ya mtu aliyekufa na njaa akachekwa. Kila mlipocheza mlimwita, lakini mlimwita kwa vinanda vyenu vya Kizungu, akawa anachungulia dirishani tu. Mbumbuni walimpa uji, akaondoka. Wewe ukampigia kilumi. Kilumi ni mlango, binti yangu. Ukiita, unauliza anataka nini, unampa, anacheza, unamfungia. Wewe umefungua mlango, umempa udongo, ukaenda kulala."

"Basi nitampikia. Nitapika kila kitu kilichotajwa kwenye wimbo."

"Utapika. Lakini si chakula cha leo anachodai. Anadai kile cha siku ile, na cha siku ile kimelala. Kipike, kiweke mezani ukumbini, kisifunikwe. Kikifika alipofika yeye, utaniita."

Mutindi akaelewa, akashika mdomo.

"Na jambo lingine," Ndululu akasema. "Kwetu mgeni hali peke yake. Aliyemkaribisha anakaa naye sahani moja, tonge kwa tonge. Nani aliimba karibu?"

"Mimi."

"Basi ni wewe. Na ukitapika tunaanza upya, na sidhani mumeo ana nguvu ya kuanza upya."

Kupata ukumbi kulikuwa kazi ya dakika moja. Mzee Ndeti alisikiliza ombi lote akitazama dari. Kisha ufunguo ukamponyoka mkononi, ukaanguka chini, akaenda zake bila kuinama. "Mimi sijaona kitu," alisema akiwa mlangoni. "Macho yangu siku hizi si mazuri."

Mutindi alipika kama alivyofundisha wengine kupika. Kuku wa kukaanga, maini kwa vitunguu, maziwa mazito ndani ya bakuli, keki ya mayai. Alivipanga mezani jukwaani, akaviacha wazi, akafunga mlango. Kila siku alikuja kutazama. Joto la Kasikeu halina huruma. Nzi waliingia kwa nyufa za mabati, kuku akageuka rangi, maini yakatoa povu, maziwa yakaota ngozi na ngozi ikaota manyoya. Mwisho wenye maduka ya jirani walianza kuulizana ni mbwa gani amefia kanisani. Mutindi alipofungua mlango siku hiyo, alisikia chakula kikisogea. Akamwita Ndululu.

Walifanya alasiri, jua likiwa bado kali. Ndululu alikuja na wanawake wawili wa rika lake, wakaketi na mwase mapajani. Ndolo alimleta Muthama kwa mkokoteni, maana tumbo halikumruhusu tena kutembea, na miguu ilikuwa imekonda ikabaki mifupa. Ndolo akarudi nje akasimama kwenye mwangaza. Mutindi alikuwa amevaa gauni lile lile la mchezo.

Ngoma zikaanza. Mutindi akaimba wimbo wa karibu, akataja kuku, akataja maini, akataja maziwa mazito na keki, na Muthama akajiinua kutoka mkokotenini, akapanda jukwaa kwa mwendo wa maringo wa mtu mnene aliyezoea kusubiriwa, akaketi.

"Unataka nini, mgeni?" Ndululu akauliza.

"Kula," ikajibu sauti nene, kwa Kikamba safi safari hii.

Muthama akamega, akala, akamtazama mkewe. Mutindi akanyoosha mkono. Nyama ilikuwa laini mno, ikamporomoka vidoleni, na kile kilichokuwa ndani yake kikapanda kwenye kifundo cha mkono wake kikitafuta pa kukimbilia, naye akafumba macho akaitia kinywani, ikasambaa, ikawa na utamu wa kuoza na uchachu nyuma yake, na vitu vidogo vikacheza juu ya ulimi, akavisikia vikipasuka kimoja kimoja alipotafuna, na tumbo lake lote likapanda juu mpaka kooni likagonga meno, akalirudisha, akameza, akafungua macho akaona mumewe ameshamega tonge jingine, akamega naye, maini sasa, povu lake likamtiririka kidevuni, akalirudisha kwa kidole kwa sababu Ndululu alikuwa anatazama, na ngoma haikukoma, tonge kwa tonge, maziwa wakayanywa kwa bakuli moja kwa zamu, mazito, ya vipandevipande, manyoya yake yakabaki mdomoni pembeni, na Mutindi akilia bila sauti akawa anajiambia jina la mumewe kila anapomeza, Muthama, Muthama, Muthama, mpaka keki ikaisha na mkono wake ukagusa meza tupu.

Mgeni akaegemea kiti. Akapangusa midomo. Kwa mara ya kwanza tangu sikukuu ya mavuno alikifunga kinywa akiwa ameshiba. "Asante, bibi mwenye nyumba," alisema, "umekula vizuri kuliko mimi."

Ndululu akabadilisha mdundo, akapiga wa kufungia, mfupi na mkavu. Upepo mzito wenye harufu ya samli ukapita ukumbini ukatoka mlangoni, Ndolo akainama kuukwepa. Muthama akaanguka kifudifudi juu ya meza. Walipomgeuza, tumbo lilikuwa limelala, na pumzi yake ilikuwa haina harufu yoyote.

Alipona. Hilo lisitiliwe shaka. Ndani ya majuma machache alirudi darasani, mwembamba kama zamani, na hakuna aliyemkumbusha kitu mbele yake. Ndila alirudishwa, akamrukia baba yake shingoni. Ndolo alifungua bucha. Vyombo vya ukumbini alivichukua na mabaki yake yote, mifupa, ngozi ya maziwa, kila kitu, akavizika bila kuosha. Na mavazi ya Madamu Odile waliyachoma moto, Mzee Ndeti akiwa ametazama upande mwingine.

Muthama hakujua amshukuruje mkewe. Hakumruhusu kuingia jikoni. Jumamosi moja alimpikia mwenyewe muthokoi, akakoboa, akachagua kila punje, akaosha maji mara nne kwa sababu alijua ameoa mtu wa kinyaa. Akamnawisha mikono, akampakulia kwenye sahani mpya, akaketi kumtazama.

Mutindi akaweka kijiko kinywani. Akatafuna. Ilikuwa kama kutafuna karatasi.

"Vipi?" Muthama akauliza kwa hamu.

"Tamu sana, Baba Ndila."

Alikula mpaka mwisho, akitabasamu. Ndila alikuwa akiimba nje. Mutindi akaweka kijiko chini, akauliza kwa sauti ya kawaida, "Hivi Ndolo alizika wapi vile vyombo?"

"Nyuma ya ukumbi, karibu na choo. Kwa nini?"

"Sufuria yangu moja nzuri ilikwenda navyo. Nikiichemsha itafaa."

Muthama akacheka, akashangaa kidogo, kisha akafurahi, maana aliona mkewe amepona na ule woga wa uchafu. "Nenda basi," akasema. "Mimi nitaosha hivi."

Mutindi akachukua jembe, akatoka na jua la saa sita, akapita sokoni akisalimia watu. Mbele ya ukumbi alimkuta Mzee Ndeti ameketi kivulini, naye mzee akamuuliza habari za nyumbani. Mutindi hakuweza kuitikia, kwa kuwa mate yalikuwa yamemjaa kinywani. Alimpungia mkono kwa adabu kabisa, akazunguka nyuma.